Msimu wa Kufukuza Moshi

Jumatatu, 4 Juni

Shemeji yangu Bundi ameniagiza niandike kila siku jinsi Mama anavyokohoa, ili daktari apate kusoma. Haya, daktari: mgonjwa anaitwa Ciakuthii, mjane, mkulima wa Githongo. Umri wake haujui, na ukimwuliza atakuuliza wako. Mimi ni Kibibi, mkaza mwanawe. Baba yangu alikuwa na bucha Majengo, Meru mjini. Nikaolewa huku mlimani na Mwirigi, na Mwirigi alipofariki sikuondoka. Watoto hatukujaliwa. Tumebaki wawili: mmoja anaswali, mwingine anaimba nyimbo za Methodisti, na mbuzi hana dini.

Ukungu haujainuka tangu Ijumaa. Alfajiri nilikwenda jikoni kupasha daku, nikaupata mlango kwa paji la uso. Nje ukungu, ndani moshi, na afadhali ukungu kwa kuwa hautoi mtu machozi. Mama analala humo humo jikoni, kitanda kando ya mafiga. Chumba chake katika nyumba kubwa aliyoijenga mwanawe kimekaa tupu na baridi yake. Amekohoa. Nimeandika.

Jumanne, 5 Juni

Amekohoa.

Jumatano, 6 Juni

Amekohoa. Anasema ni mimi ninayemkohoza kwa kumtazama nikiwa na kalamu mkononi.

Jumamosi, 9 Juni

Bundi alikuja. Ni mwalimu mkuu wa shule ya upili kule Embu, na hata tukiwa watatu huongea kama yuko paredi. Alisimama mlangoni mwa jiko, kitambaa puani.

"Mama, daktari alikuambia nini?"

"Aliniambia nikunywe maji."

"Alikuambia kifua kimejaa moshi! Baridi nyingine kama hii hutaimaliza."

"Hii moshi ndio ilikulea wewe mpaka ukakuwa principal."

Kisha akaanza kumhesabia kazi za moshi, na nimezisikia mara nyingi hata ningeweza kumsaidia. Moshi unafukuza viroboto. Unazuia mabati yasishike kutu. Unafanya maziwa ya kibuyu yanukie vizuri. Unalinda mahindi. Unawaonyesha majirani kwamba yeye hajafa. Bundi alisikiliza akitikisa kichwa, nami nilikuwa upande wake kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Upande wake nilikaa mpaka tulipofika kwenye gari. Hapo akaniambia, "Mwezi wa nane shule zikifungwa nakuja kumchukua. Nikikuta anakaa mahali penye joto na hakuna moshi, nitamwacha. Nikikuta hivi, tunaenda Embu. Si kwa ubaya, Kibibi."

Si kwa ubaya. Nadhani anataka watu wa kanisa lake wamwone ameketi na mama yake benchi ya mbele. Mama alikaa kwake mwaka juzi, hakumaliza mwezi. Aliporudi alisema, "Huko moto iko ndani ya ukuta na hakuna mtu anakaa karibu na yeye."

Ijumaa, 15 Juni

Idd. Nilishuka mjini kwa kaka yangu Idrisi. Pilau ilikuwa nzuri, na wasiwasi ulikuwa mwingi kuliko pilau. Idrisi aliniuliza, "Huyo mzee akipelekwa Embu, wewe utarudi nyumbani?" Nikachungulia chumba changu cha usichana. Kina friza mbili na mizani. Nyumbani ni wapi basi? Nilimbebea Mama pilau, akala akasema wali wa Waislamu una kelele mdomoni. Alikula wote.

Jumatano, 20 Juni

Bundi ametuma hita ya umeme. Tuliiwasha sebuleni, ikala tokeni zote kabla sijamaliza kuosha vyombo. Mama aliitazama kwa heshima, akaanika soksi zake juu yake, akaenda kulala jikoni.

Jumapili, 24 Juni

Amekohoa kanisani mpaka wakamtoa nje. Kuni nazo ni shida tangu walinzi wa msitu wakaze kamba, na mafiga yetu yanakula kuni kama mgeni asiye na haya. Tunachoma mlima, tunapasha mabati, na mgongo wa Mama bado ni baridi. Nimechoka na hali hii.

Alhamisi, 28 Juni

Nimempata fundi. Anaitwa Elphas, mtu wa Kiritiri, aliyekuwa akiuza makaa. Siku hizi anajenga majiko ya bomba, pengine kwa kutubu. Alikuja amevaa makoti mawili na bado anatetemeka.

"Dada, mnaishi hapa kwa hiari?"

Alizunguka jikoni akipapasa kila ufa. Akasema shida si moto, moto upo. Shida ni kwamba joto lote linapanda na kutokea kwenye mabati, na moshi ndio unaobaki. Atajenga jiko la matofali lenye mdomo mdogo. Moshi utapita kwanza ndani ya ukuta mfupi kando ya kitanda, ndipo upande bombani utoke juu. Matofali yatashika joto mpaka asubuhi. Na juu tuweke dari.

"Kwetu Kiritiri nimeweka dari ya magunia kwa sababu ya jua," alisema. "Dari ni ile ile. Kwetu inazuia joto ya mabati isishuke. Kwenu itazuia joto ya moto isipande."

Magunia nitashona mimi. Cherehani ninayo, na tangu nikae huku nimeshona sare za shule mpaka vidole vimehitimu.

Jumatatu, 2 Julai

Siku ya mafiga. Elphas aliinama kuling'oa la kwanza, Mama akasema, "Ngoja." Akachota uji kwa kikombe, akamwagia kila jiwe kidogo, akinong'ona Kimeru cha zamani ambacho hata mimi, baada ya miaka yote hii, sikukishika. Kisha akasema, "Weka yao nyuma ya jiko. Usitupe. Wamekaa pamoja, wakae pamoja."

Elphas akataka pia kuvunja itara. Hicho ni kichanja cha fito juu ya mahali pa moto, cheusi kwa masizi. Mama huning'iniza hapo mahindi yake ya mbegu, amesuka maganda mafundo kwa mafundo. Ni mahindi ya rangi rangi aliyopewa na mama yake siku aliyoolewa, na kila Oktoba wanawake wa kijiji huja kuomba kiganja kimoja kimoja. Mimi ya shamba siyajui sana. Ninajua tu kwamba hapo huwa hapaguswi.

"Itara usiguse," Mama alisema.

"Mama, bomba litapita wapi?"

"Ipite kando. Moshi iko na kazi yake."

Nikamwambia Elphas apitishe kando. Nilifurahi kwamba ameomba kitu kimoja tu.

Jumatatu, 9 Julai

Udongo umekauka, leo tumewasha. Vijiti vichache vya mgrevilea, vile ambavyo zamani vilikuwa vya kuamshia moto tu, na chungu kikachemka. Dari yangu nyeupe imetulia juu, Elphas ameacha nafasi kulizunguka bomba na kuziba kwa bati lisije likaunguza gunia. Ukuta mfupi ulipoanza kupata joto Mama aliuwekea kiganja, akakiondoa, akakirudisha. Kisha akageuka akauwekea mgongo.

"Elphas," alisema, "mama yako yuko hai?"

"Yuko, nyanya."

"Amekula jasho yako vizuri."

Nilitoka nje kutazama moshi ukipanda mwembamba kutoka bombani. Nilisimama kwenye ukungu nikicheka peke yangu.

Jumanne, 10 Julai

Jirani yetu Makandi alikuja mbio, kanga begani, akipiga kelele. Hakuona moshi ukivuja kwenye mabati yetu, akajua Mama amefariki. Mama alimkaribisha chai ya maiti.

Ijumaa, 13 Julai

Amekohoa kidogo asubuhi. Basi.

Jumatano, 18 Julai

Hajakohoa. Nilipofika jikoni nilikuta ameamka, amefagia. Mtu ambaye juzi juzi hakuweza kuinama kufunga kiatu!

Alhamisi, 19 Julai

Hajakohoa. Amefagia tena.

Jumapili, 22 Julai

Baridi ya kukata masikio. Jikoni tulikaa bila sweta. Makandi naye amehamia kwetu jioni, anasema anakuja kusalimia ila anaegemea ukuta. Mama ameniongezea kazi moja tu: kila asubuhi anataka ufagio uwe karibu na kitanda. Nikimwambia niachie mimi, anasema mazoezi ni dawa. Siku hizi anamsikiliza daktari kuliko daktari mwenyewe.

Jumatano, 1 Agosti

Amefagia. Mimi nimeshindwa kulala vizuri nikiwaza gari la Bundi.

Jumamosi, 11 Agosti

Amekuja. Nilikuwa nimevaa kanga yangu nzuri kama naenda kusomewa hukumu. Bundi aliingia jikoni, safari hii bila kitambaa. Akatazama juu, akatazama bomba, akaketi kitandani kwa mama yake akaegemea ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, nimepanga na majibu. Hakuuliza. Alikaa muda mrefu, kichwa nyuma, macho amefumba, na nikaona kwamba ni mtu aliyechoka. Ana shule, ana ada za watoto wake, na kila usiku wa baridi huwaza simu itamjia na habari gani. Sikuwahi kumwazia hivyo.

"Anakohoa?"

"Soma mwenyewe," nikampa daftari. "Na kila asubuhi huamka kabla yangu akafagia. Tazama sakafu."

Akaitazama sakafu. Ilikuwa safi hata ungeweza kuangusha ugali ukaokota. Mama alikuwa akitazama mikono yake.

"Basi, Mama, utakaa," Bundi alisema, na sauti ya paredi ilikuwa imemwisha. Alipoondoka alinishika mikono yote miwili akasema, "Asante, Kibibi, umenisaidia." Nilimwomba Mungu anisamehe ile habari ya benchi ya mbele.

Nililia nikimenya viazi. Mama akaniuliza kama ni moshi. Nikamwambia moshi ulishahama.

Jumanne, 21 Agosti

Idd ya kuchinja. Idrisi ametuma mguu wa mbuzi. Mama aliuchoma kwenye jiko la bomba akasema nyama haina harufu ya moto. Si uongo.

Jumatano, 5 Septemba

Hajakohoa. Amefagia.

Jumamosi, 15 Septemba

Jua limetoka, ukungu umekwisha, mlima unaonekana mpaka theluji. Nilimwambia Mama tuache kuwasha mchana, akakubali. Amekuwa mkimya. Nilimkuta ameketi nje, nyuma ya jiko, juu ya moja ya mafiga, amelaza kiganja juu ya lingine.

"Unayakumbuka?"

"Hapana. Napumzika."

Jumatatu, 1 Oktoba

Mawingu upande wa Mitunguu. Watu wanalima. Mama hajasema neno juu ya mbegu, na miaka mingine kufikia sasa huwa ameniamrisha nipande kigoda mara tatu kuhesabu mafundo.

Jumamosi, 6 Oktoba

Leo sitaandika kikohozi.

Wanawake walikuja asubuhi, Makandi mbele, vikapu mkononi. Ndiyo desturi: kabla ya mvua ya kwanza huja kwa Ciakuthii, yeye humimina mbegu kwenye viganja vyao kwa mkono wake, hutema mate kidogo ya baraka, wakaenda kupanda. Nikachukua kigoda kwa mbwembwe. Mama alikuwa kitandani, akasema, "Kibibi, waambie waje siku nyingine." Nikasema watu wameshafika, kuna dhambi gani? Nikapanda.

Fundo la kwanza nililishika, likawa jepesi kama kiberiti kitupu. Nililivuta, na unga ukanimwagikia usoni, machoni, kwenye kanga. La pili vilevile. Punje zilikuwa zimebaki maganda, kila moja na tundu lake, na fukusi wakinitembea juu ya mikono bila hofu, wamenona. Nilitikisa fundo moja baada ya jingine kama mwendawazimu, nikitafuta hata suke moja zima. Hakuna. Magunia yangu meupe yalikuwa juu yangu, ukuta mzuri chini yangu, na nikaelewa nilichofanya. Moshi ndio uliokuwa ukilinda mahindi. Alikuwa amelisema mbele yangu sijui mara ngapi, katikati ya viroboto na maziwa, nami nikalihesabu pamoja na visingizio. Tuliufukuza moshi, kisha tukawapashia wadudu nyumba.

Makandi alisema polepole, "Uuu, Ciakuthii." Mama akawaambia warudi Jumatatu. Wakaenda na vikapu vyao vitupu.

Nilishuka nikakaa sakafuni, na hapo nikauona. Unga ulikuwa umetapakaa chini ya itara, mwembamba, mweupe, pale pale ambapo kila asubuhi tangu Julai palikuwa pamefagiliwa.

"Mama. Ulikuwa unafagia nini?"

Aliutazama ufagio kando ya kitanda.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Hiyo mwezi ya saba. Niliamka nikaona unga kidogo hapo chini. Nikajua wameingia."

"Kwa nini hukuniambia? Tungeyapeleka kwa Makandi, yeye ana moshi wa kutosha kijiji kizima!"

"Walikuwa wameshaingia. Nipelekee Makandi wadudu?" Alivuta pumzi, pumzi safi, bila kukohoa. "Na nikikuambia, ungefanya nini? Nakujua. Ungevunja jiko siku hiyo hiyo. Moshi ingerudi, na Bundi angekuja na gari."

Nilikasirika. Sitaki kuficha, nilikasirika sana, na nilikuwa namkasirikia mtu niliyemharibia. Nikamwambia: mbegu ya mama yako, ya maisha yako yote, umeiacha iliwe hivihivi ili usiende Embu? Kwa ajili ya kijumba hiki cha mbao?

"Nyumba ni nini?" alisema. "Embu ni pazuri. Chakula ni mingi. Bundi ni mtoto mzuri na bibi yake ananiosha mpaka miguu. Lakini Bundi ako na bibi, ako na watoto, ako na shule mzima." Akanitazama. "Wewe uko na nani, mwari wakwa, msichana yangu?"

Miezi minne nimeandika humu kama mtunza mgonjwa. Amekohoa, hajakohoa. Nilidhani mimi ndiye niliyekaa huku kwa ajili yake. Niliweka kichwa changu mapajani mwake pamoja na unga wote ule. Alinitoa fukusi kwenye nywele mmoja mmoja, akiwaponda kwa kucha.

Jumapili, 7 Oktoba

Nilimpigia Bundi nikamweleza yote, hata neno la mwisho la Mama. Akasema, "Jumamosi nakuja kulima."

Jumatatu, 8 Oktoba

Wanawake wamerudi. Nilikuwa nimejipanga kuwaomba radhi mmoja mmoja. Sikupata nafasi, kwa sababu Makandi aliingia na kikapu kimejaa, akakitua miguuni pa Mama. Mahindi ya rangi rangi: mekundu, meupe, mengine ya zambarau, meusi kwa masizi, mazima.

"Haya ni watoto wa yako," alisema. "Ulinipatia mwaka jana nikapanda, nikaweka kwa itara yangu."

"Kama uko nayo," nikamwuliza, "Jumamosi ulikuja kuomba nini?"

Makandi alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakwenda kanisani na Biblia anayo nyumbani. "Sisi wote tuko nayo kidogo. Tunakujanga kwa sababu ya mkono yake."

Ndipo mwingine akatoa fundo lake chini ya leso, na mwingine. Mama aliyakusanya kwenye ungo, akayachanganya taratibu, akafikicha masuke mpaka ungo ukajaa punje. Kisha akaanza kumimina kiganja baada ya kiganja, akitema baraka zake. Nilipanga mstari pamoja nao, mwisho. Akanimiminia, akanifunga vidole kwa mikono yake miwili, akavishikilia.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mvua. Kubwa, ya kupiga mabati. Chini ya dari ya magunia hata hatukuhitaji kupaza sauti.

Jumamosi, 13 Oktoba

Bundi amelima kwa viatu vya shule na amepata malengelenge. Jioni, yeye na Elphas walisimamisha kibanda kidogo nyuma ya jiko: nguzo nne, paa la mabati ya zamani, na itara mpya ndani. Mafiga matatu nimeyaingiza mimi. Hicho ni cha mahindi tu, hakuna mtu atakayelala humo. Mimi ndiye nitakayewasha moto wa majani mabichi na kulia machozi kwa zamu, na Mama atakuwa anaamrisha akiwa ndani, mgongo ukutani.

Jumamosi, 20 Oktoba

Yameota. Mama alinipeleka shambani asubuhi kunionyesha, kwa kuwa anaamini watu wa Majengo hawajui kutofautisha mche wa mahindi na nyasi.

Daktari, kama bado unasoma: hajakohoa. Leo nimemnyang'anya ufagio. Nikafagia chini ya kitanda, chini ya itara ya zamani, mpaka mlangoni, nikainama nikatazama vizuri nilichokikusanya. Lilikuwa vumbi tu.